Nukta inawapunja vibarua, na aliyenifundisha kuiweka ni mjomba aliyenilea

BARUA

Mama, salaam aleikum.

Mimi ni msichana wa miaka 27, karani katika godauni moja la majani ya chai huku Changamwe, Mombasa. Kazi yangu ni kutayarisha malipo ya vibarua 62 wanaolipwa kwa saa, kila Jumamosi. Saa moja ni shilingi 150. Nina miezi 14 kwenye meza hii. Kabla yangu alikaa mjomba wangu, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama. Presha ilipomlazimisha kustaafu, yeye ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwa meneja, akasema, "Huyu ni mwanangu, nimemfundisha mwenyewe." Na kweli ni mwanawe. Mama alifariki nikiwa darasa la sita, na tangu siku hiyo karo, viatu, daftari, yote yalitoka mfukoni mwake.

Alinifundisha hivi. Nyapara wa mchana huandika masaa ya kila mtu kwenye karatasi ya mahudhurio. Mtu akifanya kazi masaa manane na dakika thelathini, huandikiwa 8.30. Mimi naingiza 8.30 kwenye kompyuta, najumlisha siku sita, nazidisha kwa 150. Wale wa usiku huandikiwa saa ya kuingia na ya kutoka tu, kwa hiyo natoa mwenyewe kwa kalkuleta. Kwa mfano, walioingia saa 1:45 usiku wakatoka saa 11:15 alfajiri, nachukua 11.15 natoa 1.45, napata 9.70. Mjomba alikuwa akiniambia, "Nukta ni nukta, usiichezee."

Wiki tatu zilizopita, mama mmoja anayepanga mifuko kwenye paleti alinifuata dirishani baada ya pesa kuingia kwenye simu yake. Alikuwa na daftari la mwanawe, lile la hesabu la mistari ya miraba, amelifungua ukurasa wa nyuma. Yeye kusoma hajui sana. Kila siku alikuwa amechora vijiti vinane vya kalamu, na pembeni kijiti kimoja kifupi, nusu ya wenzake. Akaniwekea kidole: "Vifupi ni sita, vikiunganishwa ni virefu vitatu. Arubaini na nane na vitatu ni hamsini na moja. Kompyuta yako imenipa ngapi?" Ilikuwa imempa 49.80. Alitarajia shilingi 7,650, akapata 7,470.

Nikamjibu, "Mama, hii ni kompyuta, haikosei." Akasema, "Haya mwanangu," akakunja daftari akalitia mkobani.

Jioni nikiwa kwenye feri ya Likoni nilitazama simu. Ilikuwa 18:59. Ikageuka, ikawa 19:00. Nikahisi tumbo limenikata. Saa inajaa ikifika sitini, na mimi miezi yote hii naihesabu kama inajaa ikifika mia! Nusu saa ya yule mama mimi nimeiandika thelathini ya mia.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nilipiga picha karatasi za miezi kadhaa kwa simu yangu nikaenda kuzihesabu nyumbani. Shilingi 180 kwa wiki, wiki 60, watu 62: karibu laki sita na sabini. Na hiyo ni miezi yangu peke yangu. Mjomba alikaa pale miaka mingi.

Mama, nifanye nini? Nikisema, watauliza nani alianza. Mjomba ndiye mweka hazina wa chama chetu cha mazishi huku mtaani, watu wanamwamini kwa pesa zao. Watasema alikula. Wakati mwingine nawaza alijua, maana ni mtu makini, atakosaje kujua? Meneja naye nadhani anajua, ndiyo maana hajawahi kuuliza. Nimewaza nirekebishe kimya kimya kuanzia wiki ijayo, nisimwambie mtu. Nimewaza pia niache kazi. Jumamosi mbili zimepita tangu nigundue na nimelipa vilevile, mkono ukinitetemeka. Yule mama bado ananisalimia langoni.

Karani, Likoni

JIBU

Waaleikum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu na karatasi nikapiga hesabu nawe. Marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini Kilindini. Jioni ya siku ya malipo alikuwa akikaa kwenye kizingiti, anahesabu masaa yake kwa pingili za vidole, kidole gumba kikitambaa pingili moja moja, na sisi watoto tulikatazwa kumsemesha mpaka amalize. Kwa hiyo huyo mama wa vijiti namwona kama yuko mbele yangu.

Nikikuelewa vizuri, una mambo matatu yaliyosukwa pamoja kama mkeka. Kuna kosa la hesabu linalowakata watu pesa. Kuna mzee unayempenda, ambaye jina lake litaguswa ukilifichua. Na kuna wewe mwenyewe, uliyelipa bila kujua kwa muda mrefu na sasa unalipa ukijua. Ukiyavuta yote kwa pamoja yatakukaza shingo. Tuyafumue.

Nianze na hesabu, kwa sababu hapo una haki zaidi ya unavyodhani, na pia umekosea kidogo.

Una haki kwamba dakika haziwi desimali mpaka zigawanywe kwa 60. Dakika 15 ni 0.25, dakika 30 ni 0.5, dakika 45 ni 0.75. Zile zisizoangukia kwenye robo ni vivyo hivyo: dakika 20 ni 0.33, dakika 50 ni 0.83. Ajabu ni kwamba vinywa vyetu vinaijua hesabu hii tangu zamani. Tunasema saa tatu na robo, saa tatu na nusu, saa nne kasorobo. Sisi tunaikata saa vipande, hatusemi saa tatu na thelathini ya mia. Yule mama alichora alichokisema, kijiti na nusu kijiti, akapata jibu sahihi kuliko kompyuta. Waliotupoteza ni walioandika, kwa maana huku kwetu saa huandikwa kwa nukta, 8.30, na nukta hiyohiyo ndiyo ya desimali. Haikuambii wewe unayeitazama kwamba ya saa imekwisha na ya hesabu imeanza.

Lakini zile laki sita na sabini zirudie, mwanangu. Umechukua hasara ya mtu mmoja ukaizidisha kwa wote. Aliyefanya masaa manane kamili hakupoteza hata senti. Aliyefanya manane na robo alipoteza dakika 6, yaani shilingi 15. Wa nusu alipoteza dakika 12, shilingi 30. Wa dakika 45 alipoteza dakika 18, shilingi 45 kwa siku moja. Kila mmoja ana hesabu yake.

Halafu waangalie hao wa usiku, maana umewapita mbio. Uliandika mwenyewe: 11.15 toa 1.45, ikawa 9.70. Hebu hesabu kwa vidole: toka saa moja na dakika 45 usiku mpaka saa kumi na moja na robo alfajiri ni masaa tisa na nusu, 9.5. Usiku huo uliwalipa zaidi, dakika 12 kila mtu. Na wewe ulikuwa na ishara mbele ya macho: umewahi kuona saa yenye dakika 70? Wangeingia saa 1:15 wakatoka 11:45, kalkuleta ingekupa 10.30 badala ya 10.5, na hapo wangepoteza. Kwa hiyo kikosi hichohicho kinapata usiku mmoja na kukosa usiku mwingine, kutegemea dakika za kuingia zimezidi za kutoka au la. Hili nalisema mapema kwa sababu litarudi tukifika kwenye hatari.

Kuna na lingine ambalo hukulitaja. Chini ya agizo la jumla la mishahara hapa Kenya, wiki ya kawaida ya kazi ni masaa 52, na yanayozidi katika siku za kazi hulipwa mara moja na nusu. Sasa mtu aliyefanya masaa manane na dakika 45 siku sita amefanya masaa 52 na nusu. Kwenye kompyuta yako amefanya 50.70. Unaona? Mbali na dakika alizokatwa, ovataimu yake haikuonekana kabisa. Hili linataka kuangaliwa na mtu anayejua mkataba wenu unasema nini, lakini lisikupite.

Sasa mjomba. Unauliza atakosaje kujua na yeye ni mtu makini. Nami nakuuliza: wewe si mtu makini? Umekaa miezi 14 na hesabu hiyohiyo, umesoma karibuni kuliko yeye, na usingeiona kama si daftari la mtoto na saa ya simu. Huenda naye alikaribishwa kwenye meza ile na mtu aliyemwambia asiichezee nukta. Na tukiacha kujua au kutojua, pesa zile ziliingia wapi? Hazikwenda kwake. Zilibaki kwenye akaunti ya mwajiri. Watu wa chama cha mazishi wakilisikia hilo limeelezwa hivyo, ni tofauti kabisa na kulisikia kama uvumi. Sisemi mtaa hautasema. Mtaa husema. Nasema usimhukumu mzee kwa swali ambalo hujamuuliza.

Vivyo hivyo kwa meneja. Kutouliza kwake umekufanya ushahidi wa kujua. Wakubwa wengi hutazama jumla iliyo chini ya karatasi. Ikifanana na ya wiki iliyopita wanatia sahihi. Inawezekana anajua. Inawezekana pia hajawahi kuzidisha hata siku moja.

Tuje kwenye njia zako.

Kurekebisha kimya kimya kuanzia Jumamosi ijayo kuna wema wake: watu wataanza kupata haki yao mara moja, na mzee hataguswa. Ila fikiria Jumamosi yenyewe. Wa mchana wengi watapata zaidi, wa usiku baadhi watapata pungufu, na wote watakuja dirishani kuuliza. Utawajibu nini? Na kuna jambo la sheria hapo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka miaka 3 kwa madai yanayotokana na kazi, na pale ambapo madhara yanaendelea, miezi 12 tangu yalipokoma. Ukiyakomesha kimya kimya, muda wao wa kudai unaweza kuanza kupungua na wenyewe hawajui kwamba kuna cha kudai. Hilo ndilo linalonitia uzito kwenye njia hii, ingawa naelewa kwa nini inakuvuta.

Kwenda kwa meneja au mhasibu kuna uso wake mgumu. Ukienda, nadhani maneno yako yatasikika tofauti ukibeba karatasi ya wiki moja tu, safu moja saa ilivyoandikwa, safu ya pili desimali sahihi, safu ya tatu tofauti, bila majina, na pamoja na dawa yake. Dawa ni ndogo: dakika zigawanywe kwa 60 kabla ya kuzidisha, au kama mnatumia Excel, saa iingizwe kwa nukta mbili, 8:30, kisha izidishwe kwa 24, kwa sababu Excel huihifadhi saa kama sehemu ya siku. Hatari zipo. Anaweza kukulaumu wewe. Kama itafika kukufukuza kwa kosa, sheria hiyohiyo inamtaka akueleze sababu na akusikilize kwanza, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anaweza pia kusema sawa, tuanze upya, ya nyuma yamepita. Hapo utabaki na siri ileile, tofauti ni kwamba sasa mtakuwa wawili. Na anaweza kugeukia wale wa usiku: sheria inamruhusu mwajiri kukata mshahara kurudisha kilicholipwa zaidi kwa makosa, ingawa makato yote kwa jumla hayapaswi kupita theluthi mbili za mshahara. Ulikuwa umekwenda kuwatetea wote, ukajikuta umewafungulia baadhi yao mlango wa makato. Ni bora uwe umelifikiria kabla, labda upendekeze kila mtu ahesabiwe jumla yake, zilizopungua na zilizozidi pamoja. Malimbikizo nayo yana makato yake, ya NSSF (akiba ya uzeeni), ya bima ya afya ya asilimia 2.75 na ya tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, kwa hiyo usimwahidi mtu shilingi kamili.

Kuanza na vibarua wenyewe, au mwakilishi wao, au kwenda ofisi ya kazi hapa Mombasa, ni njia iliyo wazi pia, na Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa hapahapa kwa mambo yakishindikana. Lakini habari ikitoka kwako kwenda kwao kabla ya mwajiri kuisikia, huna tena namna ya kuiongoza, na jina la mjomba litafika Likoni kabla yako. Wapo wanaosema wenye haki ndio wa kwanza kuambiwa. Siwezi kuwaambia wamekosea.

Kuacha kazi sitakutisha nako. Mtu huchoka. Nakuuliza tu: siku utakayoondoka, nani atakaa kwenye kile kiti Jumamosi, na atafundishwa nini kuhusu nukta?

Tena hizo picha kwenye simu yako. Najua nia yako. Lakini karatasi hizo zina majina na pengine namba za vitambulisho vya watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inalinda vitu kama hivyo. Simu ikipotea kwenye msongamano wa feri utakuwa na shida ya pili. Za kukokotoa zinaweza kubaki kama tarakimu tupu kwenye daftari lako.

Kisha mjomba kwa mara ya pili, maana naona ndiye anayekunyima usingizi kuliko laki zote. Huenda ukataka asikie kutoka kwako kabla ya mtu mwingine yeyote. Presha yake ni ya kuzingatiwa. Chagua wakati ametulia, ameshakunywa dawa, na mamamkubwa au mkewe yuko karibu. Usianze na jumla. Mpe daftari na kalamu, mwambie, "Mjomba, nisaidie hesabu hii, masaa manane na nusu mara sita," umwache ahesabu. Anaweza kukasirika. Anaweza kukuomba unyamaze kwa heshima ya karo aliyolipa, na hilo litakuuma kuliko hasira, kwa hiyo nenda ukiwa umeshajiuliza utamjibu nini. Anaweza pia kuomba muandamane kwa meneja. Wewe unamjua mzee wako, mimi simjui.

Limebaki moja, nalisema kwa upole. Miezi ile ulilipa hujui, na kutojua si wizi. Hizi Jumamosi mbili ni kitu kingine, na wewe umeliona kabla yangu, ndiyo maana mkono ulitetemeka. Jumamosi ya tatu inakuja. Huhitaji kuwa umemaliza yote kufikia siku hiyo. Lakini kuna wiki ijayo, na kuna miaka ya nyuma, na haya mawili yanaweza kutenganishwa: hesabu ya wiki ijayo yaweza kuulizwa kwa meneja kama swali la kazi, leo au kesho, bila kumtaja mtu yeyote, wakati ya nyuma bado unayatafakari na mjomba.

Yule mama anayekusalimia langoni ulimwambia kompyuta haikosei. Sijui utataka kumwambia nini, na pengine bado si wakati. Ila daftari lake lina wiki ngapi za vijiti? Kama bado analo, ni rekodi safi kuliko yoyote iliyo kwenye meza yako, na watoto hurarua kurasa za nyuma kutengeneza vishada. Huenda ukamwomba tu asilitupe.

Niandikie tena ukishaongea na mjomba, au ukiamua kutoongea naye.